Dole Gumba la Maker

Stoo ya makaa ya Ponsiano, barabara ya Nimule
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Dada Kawira,

Mimi iko hai, nimejificha hapa kwa Ponsiano wa makaa. Naanza na hiyo kwa sababu najua tangu jana unanipigia na simu hailii. Nimezima. Hiyo laini ndiyo wanatafuta, hata kuigusa naogopa. Barua hii anakuletea Namukasa wa nyanya. Anavuka daraja kila asubuhi na hakuna mtu anapekua beseni ya nyanya. Ukijibu, mpe yeye.

Unakumbuka Jumamosi nilikuambia pesa kubwa imeingia kwa laini ya simu ya duka na si yangu. Ukasema, "Umefanya vizuri Matiya, naifunga laini pesa zikae salama." Nikafurahi, nikamwambia mke yangu Aidah, Mungu anaona watu wa kweli. Banange! Kumbe hiyo ilikuwa mshahara ya Maker.

Habari ya mimi na Maker hujui, wacha nikuambie. Nilipofika Juba nilikuwa mgeni, kitambulisho ya hapa sina, na bila kitambulisho hupati laini. Maker alikuwa askari hapa karibu na daraja, anakunywa chai kwangu. Akasema, "Twende, mimi nitakusimamia." Akaweka dole gumba yake kwa mashine, jina yake ikaandikwa, laini nikapewa mimi. Hata soda hakutaka. Hapa Gumbo sisi wageni wengi tuko hivyo, mtu anatembea na jina ya rafiki yake kwa mfuko. Haikuwa wizi. Ilikuwa urafiki. Baadaye Maker akahamia kambi ya Bilpam, laini ikabaki kwangu, tukasahau. Sasa serikali imeanza kulipa askari kwa simu. Mashine yenu ikatafuta jina ya Maker, ikakuta duka yangu.

Jana baada ya misa wakaja wanaume watatu na bunduki. Maker mwenyewe hakuwepo, amewatuma. Mimi nilikuwa nyuma nachota maji kwa tangi. Dukani alikuwa ndugu yangu Edrine, yule fundi wa milango, amevaa koti yangu ya njano ya wakala kwa sababu mimi nilimwambia avae. Wakauliza, "Wewe Matiya?" Nilisikia kwa masikio yangu. Edrine akasema, "Ndiyo, ni mimi."

Wakampiga kitako ya bunduki mdomoni. Meno zikaanguka ndani ya katoni ya sabuni. Mama mmoja alipiga kelele, wakampiga teke ya tumbo. Wakavunja kioo, wakamburuta Edrine kwa gari, kichwa inagonga kila jiwe. Na mimi nimesimama nyuma ya mabati nimeshika ndoo. Sikutoka, dada.

Fungua laini. Mpe Maker gurush zake, hizo pesa, aniachie ndugu yangu. Naomba hiyo tu.

Ni mimi,
Matiya, wakala wako wa Gumbo


Ofisini, karibu na uwanja wa ndege, Juba
Jumanne, 4 Novemba 2025

Kaka Matiya,

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Pole, kaka. Pole sana. Aki ya Mungu, Edrine na hilo koti! Watu husema ndugu ni kufaana, si kufanana. Yeye amefanya yote mawili kwa neno moja.

Na usinililie habari ya ndoo. Ungetoka wangewabeba wote wawili, na leo mimi ningeandikiwa na nani?

Sasa nisikilize vizuri. Laini ikishafungwa kwa sababu ya jina, siwezi kuifungua peke yangu. Mfumo unataka vitu viwili kwa wakati mmoja: dole gumba la mwenye jina, na namba ya siri ya anayeitumia. Maana yake ni wewe na Maker, meza moja, mbele ya mashine yangu. Walioutengeneza walidhani hao wawili daima ni mtu mmoja. Hawajawahi kunywa chai Gumbo, hao. Nimempigia bosi wangu Ryan huko Nairobi mpaka akachoka kunipokea. Anasema utaratibu ni utaratibu, nifungue tiketi ya malalamiko, nitajibiwa ndani ya siku tano za kazi. Nimemtukana kimoyomoyo kwa Kimeru, lugha ambayo haina matusi ya bure.

Nimeenda kituoni pia. Wakaniambia jambo la askari waulizwe askari. Nikawaendea askari, wakasema jambo la simu waulizwe watu wa simu. Watu wa simu ni mimi, bana.

Maker alikuja hapa jana jioni. Alikuwa mtulivu. Anataka mshahara wake tu, hana neno lingine. Kwa hiyo tulia hapo kwa Ponsiano. Simu ibaki imezimwa. Usitoke, usimtembelee mtu yeyote, hata awe nani. Nitapanga mkutane hapa ofisini mchana kweupe, na Lokosang, mlinzi wetu, asimame mlangoni.

Edrine atatoka. Kula kitu, tafadhali.

Dadako,
Kawira


Kwa Ponsiano
Jumatano, 5 Novemba 2025

Dada Kawira,

Siku tano za kazi! Na kupigwa je, Jumamosi na Jumapili wanapumzika?

Namukasa amerudi na habari. Wachimba mchanga wa mtoni wanasikia mtu analia ndani ya ghorofa moja hapo mtoni haijaisha. Mmoja akachungulia. Ameona mtu amefungwa kwa nondo na waya, koti ya njano, jicho moja imefunga kabisa. Wanamuuliza jina, anasema Matiya. Wanampiga. Wanamuuliza tena, anasema Matiya. Maker alishafika, akaona si mimi, na bado hajamwachia. Amesema, "Malesh, si kitu, ndugu atakula fimbo za ndugu yake mpaka mwenyewe aje." Anampiga yeye mwenyewe kwa mkono. Jana alitia mkono kwa mdomo ya Edrine amnyamazishe, Edrine akamng'ata na meno zilizobaki, hakuachia mpaka walipomvunja mbavu. Huyo mchimba mchanga alikuwa anasimulia huku anatapika.

Dada, huyo si Maker mimi najua. Maker yangu alikuwa anaogopa kuchinja kuku, mpaka Aidah anamchinjia na kumcheka. Na wewe unaniandikia alikuwa mtulivu! Ama hujui kuangalia watu, ama kuna kitu unanificha. Sema.

Nilitaka kumpa Namukasa simu na namba yangu ya siri akuletee, mmalize bila mimi. Ponsiano akanishika mkono. Akasema, "Wee mjinga, hiyo namba kwa kichwa yako ndiyo inamweka ndugu yako hai. Ukiitoa, nyinyi wawili hamna kazi tena." Nikaona ni kweli. Basi namba inakaa na mimi, na mimi nakuja nayo.

Niambie saa. Nimechoka kunusa makaa huku mwingine anapigwa kwa jina yangu.

Matiya


Ofisini, Juba
Alhamisi, 6 Novemba 2025

Kwa Bwana Matiya,
Wakala, Gumbo

Bwana Matiya,

Ninakujulisha kwamba shauri la laini yako limekamilika. Unatakiwa kufika ofisini kesho Ijumaa, saa nne asubuhi, ukiwa na simu yako. Uje peke yako. Bwana Maker atakuwepo. Ndugu yako ni mzima, anakula vizuri na anakusalimu. Hakuna jambo lolote la kuhofia. Usipofika, hatakusalimu tena.

Wako katika kazi,
Kawira Mutwiri
Msimamizi wa Mawakala


Kwa Ponsiano
Alhamisi, jioni

Dada,

Tangu tujuane hujawahi kuniita Bwana. Na Edrine anakula vizuri na meno gani? Nimeelewa nani alikuwa amesimama nyuma ya kiti chako. Pole, dada.

Kama na hii anaisoma, aisome vizuri. Maker, ulinisimamia mimi nikiwa sina mtu Juba. Sijasahau. Pesa yako sijagusa hata moja. Kesho nakuja mwenyewe, na unifanye unavyotaka, lakini Edrine apande gari ya hospitali kwanza.

Aidah amekuja hapa, amenishika shati amelia, anasema nikienda yeye ni mjane. Nimemwambia nisipoenda mimi si mtu. Nimevaa shati ya kanisa.

Matiya


Juba
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Ryan,

Umeniuliza kwa nini mashine ya vidole imeripotiwa imeharibika, na unataka nijaze fomu. Nakuandikia kwa kalamu na kuituma barua hii kwa ndege ya mchana, kwa sababu kompyuta zote za ofisi hii ni vipande. Hii ndiyo fomu yako.

Jana saa nne Matiya aliingia peke yake. Maker alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu, bunduki mapajani, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Nje kulikuwa na gari, na ndani ya gari Edrine, amefunikwa turubai. Matiya akaweka simu mezani, akaiwasha, akaandika namba yake ya siri. Ikakubali. Likabaki dole gumba la Maker. Akafungua kitambaa, akalibandika kwenye kioo. Mashine ikaandika: haisomeki. Akalifuta kwa shati, akarudia. Haisomeki. Nikamshika mkono nitazame, na Ryan, pale penye alama palikuwa nyama tupu na usaha. Edrine alimtafuna akiwa amefungwa. Na usiniulize kuhusu kidole kingine. Siku anamsimamia Matiya walichukua hilo moja tu.

Nikasema itabidi tungoje ngozi ipone. Maker alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kama hicho na sitaki tena. Kisha akaipiga mashine kwa kitako cha bunduki, akazipiga kompyuta, akampiga Matiya kichwani mpaka damu ikaruka kwenye ukuta wangu. Lokosang aliingia kumzuia akapigwa risasi ya mguu. Mimi nilikuwa chini ya meza nimeshika miguu ya kiti, nalia kwa sauti. Halafu Maker akatoka, akamvuta Edrine kutoka garini kwa lile koti, akamtupa mlangoni mbele ya ndugu yake. Akasema, "Khalas, imetosha. Chukua jina lako, nirudishie langu." Akaondoka. Edrine yuko wodini na hajafungua macho.

Kuna jambo sijamwambia Matiya, na nitakuambia wewe kwa kuwa hutajali. Maker alipokuja hapa Jumatatu alikuwa ameshika shuka la mtoto. Binti yake mdogo alikufa kwa homa Jumapili alfajiri. Dawa zilikuwepo dukani. Wenzake wote walikuwa wameshalipwa, na yeye pesa zake zilikuwa kwenye laini niliyoifunga mimi. Nikatoa noti zote za mkobani nikampa. Akazitupa sakafuni akasema hataki sadaka, anataka zake, zenye jina lake. Pale nilijua huyu mtu hatafuti mshahara tena. Nikaogopa kwamba Matiya akijua atakimbia na Edrine atauawa. Nikamwandikia kwamba ni mtulivu.

Tulizunguka wizara na maduka tukiahidi kwamba mtu atabonyeza tu na hela zitamfikia. Zimefika, Ryan. Zimo humo kwenye laini, hakuna aliyezigusa. Na tiketi yangu hadi leo imeandikwa "inashughulikiwa".

Kawira


Juba
Jumatatu, 24 Novemba 2025

Kwa Matiya, Masaka, Uganda, kwa mkono wa Namukasa anayekuja huko kufuata nyanya

Kaka Matiya,

Nilitaka kuwasindikiza na jeneza la Edrine mpaka mpakani Nimule, nikakatazwa na kampuni, na mimi mjinga nikakubali. Mpe mama yenu pole zangu, na sukari hiyo kidogo. Kila nikifunga macho namuona Edrine pale mlangoni, na kilichoniuma zaidi ni kwamba aliondoka bila kufungua macho akaona umekuja.

Lazima nikuambie nilichokuficha. Binti mdogo wa Maker alikufa ile Jumapili alfajiri, kabla hawajaja dukani. Nilijua tangu Jumatatu. Nilidhani nakulinda. Nisamehe, kaka.

Maker amekuja leo. Hakuna aliyemkamata na sidhani kama yupo wa kumkamata. Alikuja bila bunduki, na mkewe. Dole gumba limepona. Kovu lipo, lakini nimelijaribu kwenye mashine mpya na imelisoma mara ya kwanza. Yeye alisimama tu akitazama ukuta, pale damu yako ilipofunikwa kwa rangi. Mkewe ndiye aliyeongea. Amebakiwa na mtoto mmoja, na huyo tangu juzi ana homa ileile. Nilifungua mkoba tena. Mwanamke naye akakataa, akasema mumewe ameapa hawatakunywa dawa ya sadaka.

Ryan amekubali sasa. Wamebadilisha utaratibu, si lazima uje wala uwashe simu. Andika tu namba ya siri kwenye karatasi, utie sahihi, umpe Namukasa. Mimi nitaiingiza, Maker ataweka dole, laini itafunguka.

Najua ninachokuomba. Ningekuwa na njia nyingine nisingethubutu kuandika mstari huu.

Dadako,
Kawira


Masaka
Alhamisi, 27 Novemba 2025

Dada Kawira,

Sukari imefika. Mama anakushukuru, ametengeneza chai ya watu wa matanga.

Kumbe mtoto alikufa. Huyo mtoto mimi namjua. Alikuwa anakuja na baba yake, anakaa kwa magoti yangu, anakula biskuti na kunipaka makombo. Na wewe ulijua tangu Jumatatu.

Nikuambie kitu, na usinicheke. Kwetu mtu akifiwa unakwenda. Hata kama mmegombana, hata kama anataka kukuua, unabeba mkeka yako unakwenda unakaa chini kwake unalia na yeye. Mtu aliyekuja kulia hapigwi. Ungeniambia ile Jumanne, ningevuka daraja mchana nikaenda Bilpam nikamlilia mtoto wa rafiki yangu, na ningelia kweli. Labda angenipiga makofi. Lakini Edrine angetoka siku hiyo kwa miguu yake. Wewe ukaniandikia, usimtembelee mtu yeyote, hata awe nani.

Sikuchukii. Mimi nilisema kweli, nilifanya vizuri. Wewe ulifunga laini, ulifanya vizuri. Edrine akasema uongo, na yeye alifanya vizuri kutushinda wote. Tumemzika ndani ya shati yangu ya kanisa kwa sababu nguo zake hazikufaa tena. Aidah aliosha mwili. Tangu siku hiyo hataki kupika nyama.

Unasema mtoto mwingine ana homa. Nimesoma hapo mara nyingi. Nimempa Aidah akasoma, akaniangalia sana, akatoka nje. Namba sijaisahau. Ni mwaka aliozaliwa Edrine. Nilichukua karatasi, nikaandika ya kwanza, nikaandika ya pili, mkono ikasimama. Nilikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Mwambie Maker hivi. Mashine ilikataa dole yake kwa sababu ya kidonda, na sisi sote tukaambiwa tungoje kidonda ipone. Tukangoja. Edrine akafa tukingoja. Sasa na mimi iko na kidonda, pale pale namba inapokaa. Mwambie angoje.

Matiya